Kupima mapafu ya farasi kabla ugonjwa haujakomaa: maji ya mapafu, puto, mitetemo au histamini?

Farasi anakula vizuri, manyoya yanang'aa, na akiwa ametulia bandani anapumua mara 8 hadi 16 kwa dakika kama farasi yeyote mzima. Ila kazini kuna jambo. Anakohoa mara moja au mbili anapoanza kwenda telki, kisha ananyamaza. Sehemu ya mwisho ya mbio inamshinda, na kazi ikiisha mbavu zake zinaendelea kupanda na kushuka kwa muda mrefu kuliko za wenzake. Daktari anaweka stetoskopu, hasikii kitu. Hapo ndipo mwenye farasi anaanza kutajiwa vipimo, kila kimoja na jina lake gumu, naye anabaki na swali moja: nianze na kipi?

Jibu langu ni hili. Ukiweza kimoja tu, chukua maji ya mapafu, yaani maji ya chumvi yanayoingizwa pafuni na kuvutwa tena ili seli zihesabiwe. Ukiweza viwili, ongeza kipimo cha utendaji wa mapafu, na kiwe cha histamini (kemikali inayozichokoza njia za hewa zijikaze) au cha mitetemo ya hewa (mawimbi madogo ya shinikizo yanayotumwa juu ya pumzi). Puto la umio, linalopima shinikizo ndani ya kifua, na ambalo wengi hulitaja kwanza kwa sababu ndilo la kale na lenye heshima katika utafiti, liache kwa farasi ambaye tayari unamwona anahangaika kupumua. Sababu zinahitaji maelezo, maana vipimo hivi havishindani kwenye uwanja mmoja.

Kwa nini stetoskopu haisikii kitu

Tunachowinda hapa ni pumu ya farasi ya kiwango chepesi hadi cha wastani. Zamani iliandikwa kwa jina lake na kutengwa kabisa na ule ugonjwa mkali wa farasi wanaotweta hata wakiwa wamesimama. Mwaka 2016 chuo cha wataalamu wa tiba ya ndani ya mifugo cha Marekani, ACVIM, kilitoa tamko la makubaliano lililopendekeza jina moja, pumu ya farasi, kwa hali zote hizo, kuanzia nyepesi hadi kali. Ile kali kwa kawaida huwapata farasi waliopita miaka 7. Ile nyepesi haichagui umri, na farasi wachanga wa mbio wanaipata sana. Chanzo kikubwa ni vumbi: chembe ndogo za nyasi kavu na mabua, vijimbegu vya kuvu, sumu za bakteria, vyote vikivutwa saa zote ambazo farasi amefungiwa bandani.

Ugonjwa wa mapema hujificha kwa sababu tatu. Kwanza ni ukubwa wa akiba ya mapafu. Farasi wa kilo 500 akiwa ametulia huvuta takribani lita 5 kwa pumzi moja. Akipiga shoti, pumzi hufuatana na hatua, zinapita 100 kwa dakika, na hewa inayopita mapafuni kwa dakika moja huzidi lita 1,000. Ukimpunguzia kidogo akiba hiyo, akisimama hutaona tofauti yoyote. Utaiona pale anapoihitaji yote.

Pili, farasi hupumua kwa pua tu, na sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa iko puani na kooni. Mirija midogo ya ndani kabisa, ambako pumu huanzia, inachangia sehemu ndogo ya ukinzani wote kwa sababu ni mingi mno na hewa hugawanyika humo. Ni kama barabara kuu inayoishia kwenye vichochoro elfu moja: funga vichochoro kadhaa, watu watapitia vingine, na aliyesimama barabarani hataona msongamano. Kipimo kinachojumlisha ukinzani wote kwa mpigo ni huyo aliyesimama barabarani.

Tatu, huwezi kumwambia farasi avute pumzi ndefu kisha apulize kwa nguvu zake zote. Kipimo ambacho binadamu mwenye pumu hufanyiwa kwa kupuliza kwenye mrija, farasi hakielewi. Karibu vifaa vyote vya kupima utendaji wa mapafu ya farasi vilibuniwa ili kuizunguka shida hiyo moja.

Vikiwekwa sambamba

| Kipimo | Kinajibu nini | Kwa ugonjwa wa mapema | Kinadai nini |
|---|---|---|---|
| Kamera ya koo | Kuna makohozi, damu au kasoro ya zoloto (kisanduku cha sauti)? | Kinasaidia, hakitoshi | Kamera ndefu, mara nyingi kishika pua |
| Maji ya mapafu | Njia za hewa zimevimba, na kwa seli zipi? | Kizuri sana | Dawa ya kutuliza, mrija, maabara |
| Puto la umio | Farasi anatumia nguvu kiasi gani kuvuta hewa? | Hafifu | Barakoa, puto, farasi mtulivu |
| Mitetemo ya hewa | Ukinzani na unyumbufu ukoje, juu na chini? | Kizuri | Kifaa maalumu, barakoa isiyovuja |
| Histamini | Njia za hewa zina wepesi gani wa kujikaza? | Kizuri sana | Kifaa, muda, daktari mzoefu |
| Damu ya ateri | Oksijeni inafika kwenye damu? | Hafifu akiwa ametulia | Sindano na mashine iliyo karibu |

Jedwali limerahisisha mambo, kama majedwali yote. Safu ya pili ndiyo ya kusoma mara mbili, kwa sababu mabishano mengi kuhusu kipimo bora hutoka kwa watu wanaouliza maswali tofauti bila kujua.

Masikio, mfuko na kamera

Uchunguzi wa kawaida hauna mbadala, lakini tusiutegemee kupita uwezo wake. Njia ya zamani ya kumvalisha farasi mfuko mkubwa wa plastiki puani kwa dakika moja au mbili, ili hewa aliyoitoa mwenyewe imlazimishe kuvuta pumzi ndefu, huongeza sana kinachosikika kwenye stetoskopu. Farasi mzima hatakohoa humo, na mfuko ukitolewa atatulia haraka. Anayekohoa, au anayehema muda mrefu baadaye, amekupa sababu ya kuendelea. Asiyekohoa hajakuhakikishia lolote. Na farasi ambaye tayari anapumua kwa shida usimvalishe mfuko hata kidogo.

Kikohozi chenyewe kinastahili heshima kuliko kinavyopewa. Farasi si mnyama wa kukohoa ovyo. Wale wanaosema "anakohoa tu akianza kazi, ni vumbi" wanasema kweli bila kujua, maana vumbi ndilo ugonjwa wenyewe. Lakini farasi wengi wenye pumu nyepesi hawakohoi kabisa, kwa hiyo ukimya nao si cheti cha afya.

Kamera ya koo inaonyesha makohozi kwenye bomba la hewa, na hupewa alama kutoka 0 hadi 5. Kwa farasi wa mbio, alama 2 au zaidi huhusishwa na kushuka kwa kiwango. Kwa farasi wa michezo kama kuruka viunzi, ni 3 au zaidi. Ni kazi ya dakika chache, na inakuonyesha pia kama zoloto halifunguki vizuri au kama kuna damu iliyotoka mapafuni baada ya mbio. Ukitaka kuona damu hiyo, kamera iingizwe kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kazi nzito, si asubuhi ya kesho yake. Udhaifu wa kamera ni kwamba makohozi na seli za uvimbe haviendi pamoja sikuzote. Bomba safi laweza kukaa juu ya mapafu yenye uvimbe.

Maji ya mapafu, na ndugu yake wa bomba la hewa

Hapa ndipo ningemwambia mwenye farasi atumie nguvu zake. Farasi hupewa dawa ya kutuliza, mrija mrefu hupitishwa puani hadi unapokwama kwenye kijitawi cha pafu, dawa ya ganzi hunyunyizwa ili asikohoe sana, kisha maji ya chumvi yaliyopashwa moto kidogo, mililita 250 hadi 500, huingizwa na kuvutwa tena. Yanayorudi huwa na povu juu, na hiyo ni dalili njema: povu linatokana na ute unaotanda kwenye vifuko vya hewa, ukijua umefika kulikokusudiwa. Si yote hurudi. Yaliyobaki mwili huyanyonya.

Maabara huhesabu seli za kinga za aina mbalimbali. Kwa farasi mzima, nyutrofili huwa asilimia 5 au pungufu, seli za masti asilimia 2 au pungufu, na eosinofili asilimia 1 au pungufu. Tamko la 2016 liliweka mipaka ya pumu nyepesi hadi ya wastani kuwa nyutrofili zaidi ya asilimia 10, au seli za masti zaidi ya asilimia 5, au eosinofili zaidi ya asilimia 5, maji yakiwa mililita 250. Pumu kali kwa kawaida hupita nyutrofili asilimia 25. Katikati ya "mzima" na "mgonjwa" kuna eneo la kijivu, na farasi wengi huangukia humo. Daktari mzuri atakwambia hivyo waziwazi badala ya kulazimisha jibu.

Aina ya seli ina maana yake. Nyutrofili mara nyingi huelekeza kwenye vumbi la nyasi na kikohozi. Seli za masti na eosinofili huhusiana zaidi na njia za hewa zilizo nyepesi kujikaza, na hapa ndipo kipimo hiki kinapopeana mkono na kile cha histamini tutakachofika.

Usichanganye kipimo hiki na cha kuvuta majimaji kutoka bomba la hewa. Vyote viwili ni vya kuosha, vyote vina mrija, na nimeona ripoti zikisomwa kana kwamba ni kitu kimoja. Bomba la hewa hupokea kila kitu kinachopanda kutoka mapafu yote mawili, pamoja na uchafu ulioshuka kutoka kooni. Ndilo la kutumia ukishuku bakteria na kutaka waoteshwe maabara. Kwa pumu, hesabu zake hazilingani vizuri na zile za ndani ya pafu. Kama ni pumu unayoitafuta, sisitiza maji ya mapafu.

Kasoro zake zipo. Mrija hukaa kijitawi kimoja, na ingawa pumu huenea mapafu yote, tafiti zimeonyesha kwamba pafu la kulia na la kushoto huweza kutoa hesabu tofauti kwa farasi huyo huyo. Sampuli ikicheleweshwa kwenye joto, seli huharibika. Farasi apumzishwe kazi siku moja au mbili baadaye. Na lililo zito kuliko yote: kipimo hiki kinakuambia kuna uvimbe, hakikuambii uvimbe huo umemharibia kupumua kiasi gani.

Puto la umio

Puto jembamba hupitishwa puani hadi sehemu ya chini ya umio, ndani ya kifua, na shinikizo linalopimwa humo huchukuliwa kuwa sawa na lile linalozunguka mapafu. Farasi akivalishwa pia barakoa yenye kipima mkondo wa hewa, unapata ukinzani na unyumbufu wa mapafu. Hata bila barakoa, tofauti ya shinikizo kati ya kuvuta na kutoa pumzi peke yake inasema mengi. Kwa farasi mzima aliyetulia ni takribani sentimita 5 za maji au chini yake. Kwa pumu kali iliyochachamaa hupita 15, na namba hiyo 15 imetumika miaka mingi kwenye utafiti kama mstari wa kumtenga mgonjwa wa kweli.

Sasa angalia ilivyo kwa farasi wetu wa mwanzo. Kwa maelezo ya ugonjwa wenyewe, pumu nyepesi ni ile ambayo farasi hatumii nguvu za ziada kupumua akiwa ametulia. Kipimo kinachopima nguvu hizo hizo, akiwa ametulia, kitapata nini? Mara nyingi kitapata namba ya farasi mzima. Ukichukua wastani wa kundi la wagonjwa na wastani wa kundi la wazima utaona tofauti, lakini namba za mmoja mmoja zinapandana, na wewe una farasi mmoja, huna kundi. Ndiyo maana nasema puto si kipimo cha kuwahi ugonjwa. Lina kazi yake kubwa mahali pengine: kumpima mgonjwa wa pumu kali kabla na baada ya dawa. Ukimpa dawa ya kulegeza misuli ya njia za hewa na shinikizo likashuka ndani ya dakika chache, umejua kwamba mkazo wa misuli ndio uliombana, na kwamba mapafu bado yanaweza kufunguka.

Mitetemo ya hewa

Hiki ndicho ninachokipenda kwa akili iliyomo. Farasi huvalishwa barakoa na kuachwa apumue kama kawaida. Kipaza sauti kilichounganishwa na barakoa hutuma mawimbi madogo ya shinikizo juu ya pumzi zake, na kifaa hupima jinsi mkondo wa hewa unavyojibu. Hakuna puto, hakuna kumtaka farasi afanye lolote, na vipimo vya kila awamu havizidi dakika moja au mbili.

Akili iko kwenye mawimbi yenyewe. Kwa farasi hutumika mawimbi ya polepole, takribani hezi 1 hadi 10 (mitetemo kwa sekunde), ya polepole kuliko yale yanayotumika kwa binadamu. Yale ya polepole zaidi hupenya hadi mirija ya ndani, ya kasi huishia njia za juu. Kwa farasi mzima ukinzani hautofautiani sana kutoka wimbi hadi wimbi. Mirija midogo ikianza kubana, ukinzani kwenye mawimbi ya polepole hupanda kuliko kwenye ya kasi, na namba ya pili, ile ya unyumbufu, huzidi kushuka chini ya sifuri kwenye mawimbi hayo hayo. Yaani mwenye kipimo hiki anaweza kuanza kutenganisha vichochoro na barabara kuu, jambo ambalo puto haliwezi kwa urahisi. Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji kilifanya kazi kubwa ya kuleta kifaa cha binadamu cha aina hii kwa farasi, na Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani kikafanya kazi sambamba kwa mtindo wake.

Shida zake ni za kifundi, nazo zinaudhi. Barakoa ikivuja pembeni, namba zote ni takataka. Farasi akimeza, akiinamisha kichwa au akikunja shingo, ukinzani wa juu hubadilika na kuficha wa chini. Dawa ya kutuliza humfanya ainamishe kichwa, pua zinavimba kwa damu, na pua ndiyo sehemu kubwa ya ukinzani wote. Isitoshe, dawa kama zailazini hulegeza kidogo njia za hewa za farasi mwenye pumu, kwa hiyo unaweza kuwa unatibu kile unachokitafuta. Asiyetulia bila dawa anaweza kupimwa akiwa amepewa, mradi kila kipimo cha kufuatilia kifanywe kwa dawa ile ile na kwa dozi ile ile. Kulinganisha namba za leo bila dawa na za mwezi ujao na dawa ni kupoteza muda.

Ukubwa wa mwili pia una neno. Namba za kawaida za farasi mkubwa haziwezi kutumika kwa farasi wa kimo kifupi. Uliza kituo kina viwango vya nani.

Histamini

Vipimo vyote hadi hapa vinatazama njia za hewa zikiwa zimetulia. Hiki huzichokoza. Wazo lake ni kwamba njia za hewa zilizovimba hukasirika upesi: hujikaza kwa kichocheo kidogo ambacho farasi mzima hakijali. Kwa hiyo hata kama leo, akiwa ametulia, ukinzani wake ni wa kawaida, wepesi huo wa kujikaza unamfichua.

Kwa vituo vingi upimaji hufanywa kwa plethismografia ya mkondo. Farasi huvaa kipima mkondo puani, na mikanda miwili hufungwa, mmoja kifuani na mwingine tumboni. Mikanda huonyesha kifua kinavyojitahidi, kipima cha puani huonyesha hewa inayotoka kweli. Kwa mzima hivi viwili vinakwenda sawia. Njia zikibana, kifua hutangulia na hewa hufuata, na pengo kati yao ndilo linalopimwa. Hakuna puto la kumeza, na farasi wengi wanaivumilia mikanda vizuri kwa sababu wameshazoea kufungwa tandiko.

Kwanza hupewa mvuke wa maji ya chumvi ili kupata msingi. Kisha mvuke wa histamini, kuanzia miligramu 2 kwa mililita, halafu 4, 8, 16 na hata 32, huku akipimwa baada ya kila hatua. Pengo likiongezeka kwa asilimia 35 kutoka msingi, kazi imekwisha na kiwango hicho huandikwa. Farasi mzima kwa kawaida huhitaji viwango vya juu. Anayefika hapo chini ya miligramu 6 au 8 hivi huhesabiwa kuwa na njia za hewa zenye wepesi usio wa kawaida. Baadaye hupewa dawa ya kupanua njia za hewa na kuangaliwa hadi atulie.

Kwa farasi anayeonekana mzima lakini hafiki alipokuwa akifika, sijui kipimo cha utendaji kinachomfaa kuliko hiki. Lakini kina masharti. Asifanyiwe aliye na shida ya kupumua akiwa ametulia, maana unammiminia mafuta kwenye moto, na hata hivyo jibu lake unalo tayari mbele ya macho. Dawa za kupanua njia za hewa na za kotikosteroidi (za kupunguza uvimbe) zisimamishwe mapema kama daktari atakavyoelekeza, la sivyo farasi mgonjwa atatoka na cheti safi. Na aliyepata mafua ya virusi karibuni anaweza kuwa na njia za hewa zenye hasira kwa majuma kadhaa bila kuwa na pumu, msubiri apone.

Kwa mitetemo pia unaweza kupima histamini: badala ya mikanda, unatumia kifaa cha mawimbi baada ya kila hatua. Kituo chenye uwezo huo kinakupa picha kamili kuliko chochote nilichokitaja.

Vingine, kwa haraka

Kuna kipimo cha kutoa pumzi kwa nguvu, ambacho farasi hutulizwa, huingizwa mrija kwenye bomba la hewa, mapafu hujazwa kisha hewa hufyonzwa kwa tangi lenye ombwe. Kinagundua mambo madogo sana, na kitabaki kwenye vyuo vya utafiti kwa sababu unazozisoma mwenyewe kwenye sentensi iliyotangulia.

Damu ya ateri ni nzuri kwa mgonjwa mkali. Usawa wa bahari, shinikizo la oksijeni kwenye damu ya farasi mzima huwa karibu milimita 100 za zebaki, na huwa chini zaidi kwenye nyanda za juu hata kwa mzima, jambo ambalo husahaulika mara nyingi. Kwa ugonjwa wa mapema, akiwa ametulia, kwa kawaida haisemi chochote. Ikichukuliwa akiwa kwenye mbio inasema zaidi, ila hata farasi wazima wa mbio oksijeni yao hushuka wakipiga shoti, kwa hiyo inahitaji msomaji mzoefu.

Na kuna "kipimo" kinachopendwa kuliko vyote: mpe dawa tuone. Sikikatai, kuna mazingira ambamo hakuna kingine. Nakipinga pale kinapochukua nafasi ya uchunguzi, kwa sababu hii hapa: kotikosteroidi zinaweza kuboresha upumuaji wa farasi huku nyutrofili zikiendelea kujaa mapafuni, mradi vumbi bado lipo. Farasi anaonekana amepona, kila mtu anafurahi, nyasi kavu zinaendelea kutundikwa usawa wa pua zake. Jambo hili pia ndilo linaloeleza kwa nini utendaji wa mapafu na maji ya mapafu havibadilishani nafasi. Kimoja kinaweza kuwa kizuri huku kingine kikiwa kibaya, na vyote viwili vikawa vinasema kweli.

Sasa yupi achukue kipi

Farasi mchanga wa mbio, hakohoi, ameshuka kiwango, kamera haionyeshi kitu: histamini kisha maji ya mapafu, kwa mpangilio huo. Mpangilio una maana. Utendaji hupimwa kwanza, kisha kamera, mwisho maji. Ukianza na maji, umeshamtuliza kwa dawa, umemkera njia za hewa na kumwachia mamia ya mililita mapafuni. Chochote utakachopima baada ya hapo ni matokeo ya kazi yako mwenyewe. Siku moja yatosha kwa vyote kama kituo kimepangwa vizuri.

Farasi wa michezo anayekohoa na mwenye makohozi alama 3: maji ya mapafu yanatosha kuanza. Dalili zipo, unachohitaji ni kujua seli zipi. Mitetemo iongezwe kama unataka namba ya kufuatilia, kwa sababu ni rahisi kurudia kila baada ya majuma kadhaa kuliko kumwosha mapafu tena na tena.

Farasi wa makamo anayetweta bandani, misuli ya tumbo imejichora mstari kwa kujitahidi: puto au hata macho tu, pamoja na dawa ya kulegeza misuli kuona kama anafunguka. Histamini marufuku. Maji ya mapafu yasubiri hadi atulie, isipokuwa daktari ana sababu.

Farasi anayetaka kununuliwa ni kesi ngumu zaidi. Muuzaji anaweza kuwa amemtoa bandani na kumweka malishoni majuma kadhaa, na kwa farasi wa pumu ya bandani hiyo peke yake hupunguza dalili. Kamera na uchunguzi wa kawaida vitapita. Hapa ningeomba maji ya mapafu au histamini, na ningeuliza amekuwa akila nini na kulala wapi mwezi uliopita kabla ya kuuliza chochote kingine.

Wapo watakaosoma haya na hawana kifaa cha mitetemo wala cha histamini karibu nao. Mrija wa maji ya mapafu hauhitaji mashine. Daktari anayejua kuupitisha anaweza kuutumia hata bila kamera, aandae vioo vya hadubini siku hiyo hiyo na kuvipeleka maabara. Wakati majibu yanasubiriwa, nyasi zilowekwe maji au zifukizwe mvuke, wavu wa kutundika uondolewe ale chini, na banda lisifagiliwe akiwa ndani. Baada ya majuma sita hadi nane ya vumbi kidogo, apimwe tena kwa kipimo kile kile, katika hali ile ile.